UZI: Mgeni anakuja na risasi alizojaza mwenyewe, .458 Win Mag kwa nyati. Nimuulize nini?

Kitalu_Kusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Niko chini ya mwindaji bingwa kwenye kitalu kimoja kusini mwa nchi, najifunza kazi. Msimu unafunguliwa Julai. Kuna mgeni kutoka Minnesota, Marekani, ametuandikia. Anakuja kuwinda nyati na bunduki yake mwenyewe, Winchester Model 70 ya .458 Win Mag (risasi nene ya wanyama wakubwa), na risasi anajaza mwenyewe kwake. Anasema amefikisha kasi ya futi 2,150 kwa sekunde na kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greini 500, kapima kwa kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, mwezi wa pili, na barua yote imejaa furaha ya hiyo namba.

Bosi hakatai risasi za kujaza. Ila kaniambia mimi ndiye nimjibu, tena nimuulize maswali ya maana, nisimwandikie tu "karibu sana Tanzania". Mimi ninachokijua vizuri ni nyayo na upepo. Mambo ya baruti nayajua nusunusu. Wajuzi mnisaidie: mtu wa hivi unamuuliza nini kabla hajapanda ndege?

NgarenaroBoy

Muulize tu kwa nini ameishia 2,150. Kasi ndiyo inayoua, mkuu. .460 Weatherby inarusha kichwa hichohicho cha greini 500 kwa futi 2,600. Hapo nyati analala palepale, hakuna cha kufuata damu.

MnyaluTexas

Kitalu_Kusini, mada nzuri. Niko huku Marekani miaka mingi na najaza risasi zangu mwenyewe gereji. Huku ni kitu cha kawaida, baruti inauzwa dukani rafu ya pili kutoka vifaa vya kuvulia samaki. NgarenaroBoy nitakurudia baadaye.

Kwanza elewa hiyo kaliba. Winchester waliitoa mwaka 1956. Enzi hizo mtu wa nyati na tembo mara nyingi alitumia bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, bei yake haishikiki. Winchester wakasema watatoa nguvu hiyohiyo kwenye bunduki ya kawaida ya bolti (ile unayovuta kwa mkono kuingiza risasi), kwa bei ya mtu wa kawaida. Ili risasi iingie kwenye bolti ya urefu wa kawaida, ganda, lile kopo linaloshika baruti, likafanywa fupi, inchi 2.5. Shida yote imezaliwa hapo. Kichwa cha greini 500 ni gramu 32, ni kirefu, kinazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Ili kasi iliyotangazwa ipatikane, baruti ilibidi ishindiliwe chini ya kichwa.

Baruti iliyoshindiliwa, ikikaa muda mrefu stoo yenye joto, ilikuwa inagandamana. Ukifyatua, haiwaki sawasawa. Risasi moja inakwenda vizuri, inayofuata inakwenda kivivu. Watu walipima wakakuta kasi iko chini ya futi 2,000, na kwa nyati aliyegeuka kukufuata hiyo ni habari mbaya. Jack Lott, mwindaji wa Marekani, alijeruhiwa vibaya na nyati Msumbiji mwaka 1959, na baadaye, 1971, akaja na .458 Lott. Ganda la inchi 2.8, kichwa kilekile, futi 2,300 bila kushindilia kwa nguvu. Uzuri wake, bunduki ya Lott inafyatua pia .458 Win Mag, hivyo ukiishiwa huku porini hukwami.

Risasi za kiwandani za leo zimerekebishwa, sizisemi vibaya. Lakini anayejaza mwenyewe anaweza kurudia kosa la 1956 peke yake gerejini, na 2,150 kwa greini 500 kwenye ganda lile fupi ni namba inayonifanya niulize. Swali lako la kwanza: baruti gani, na imeshindiliwa kiasi gani? Ukitikisa risasi yake sikioni unasikia baruti ikicheza, au kimya?

MzeeWaPorini

Vijana salaam. Nimefuata nyayo tangu Selous haijagawanywa. Mambo ya mizani na kronografu nawaachia nyinyi. Mimi nasema nilichokiona upande wa pili, pale mnyama anapochunwa.

Nyati moyo wake uko chini. Mgeni anayetoka kuwinda kulungu wa kwao anapiga katikati ya bega kwa urefu, anapita juu ya moyo. Piga theluthi ya chini, usawa wa mguu wa mbele. Mbavu zake ni pana, zimekaribiana mno, na juu yake ngozi na matope. Risasi laini ya bei rahisi inafika pale inapasuka kama yai, unakuta vipande vimetawanyika kwenye nyama ya bega na mapafu hayajaguswa. Huyo nyati anaingia kichakani na nyinyi mnamfuata. Hapo kasi ya namba ngapi haitusaidii, mwanangu Ngarenaro.

NgarenaroBoy

Shikamoo mzee. Lakini si ndiyo sababu ya kuongeza kasi, ipenye zaidi?

MnyaluTexas

Hapana, kaka. Kichwa laini ukikiongezea kasi, kinafunguka mapema zaidi na kinavunjika zaidi. Kasi ile ile inayokusaidia kwenye mita 300 inakuharibia kwenye mita 40, na nyati wengi hupigwa chini ya mita 100. Kasi ina faida ikiwa kichwa kimejengwa kuivumilia.

Ujenzi wa kichwa ndio wa kwanza kuchaguliwa, baruti inafuata. Kwa ufupi kuna familia hizi. Kuna koti la shaba na ndani madini ya risasi, vimeshikana kwa kubanwa tu. Hizo za nyati nisingezigusa. Kuna zile ambazo koti na risasi ya ndani vimeunganishwa kwa joto visiachane, mfano Woodleigh Weldcore za Australia. Swift A-Frame inaunganishwa na juu ya hapo ina ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kusukuma. Ukuta huo aliupa umaarufu John Nosler, baada ya paa mkubwa wa baridi wa Kanada, yule wanamwita moose, kukataa kuanguka mwaka 1946. Partition yake ilianza kuuzwa 1948 na hadi leo ipo. Halafu kuna za shaba tupu bila risasi ndani, Barnes TSX ndiyo maarufu. Tundu mbele, inafunguka petali nne na inabaki na karibu uzito wake wote.

Mwisho kuna solidi. Haifunguki kabisa. Zamani zilikuwa za koti la chuma, pua ya mviringo. Siku hizi nyingi ni za brasi au shaba nzima na pua bapa, na pua bapa inakwenda moja kwa moja ndani ya mnyama wakati ya mviringo mara nyingine inapinda njia au kupinduka.

Sasa rudi kwenye .458. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greini 500 ni kirefu kuliko cha kawaida cha uzito huo. Kirefu maana yake kinakula nafasi zaidi ndani ya ganda ambalo tayari ni fupi. Ndiyo sababu wajazaji wengi wa .458 Win Mag wanaotumia TSX wanashuka hadi greini 450. Unapata karibu futi 2,200 bila kushindilia, na kwa sababu kichwa hakipotezi uzito, kinapenya sawa na chochote cha 500 kinachomwaga vipande njiani. Swali la pili kwa mgeni: kichwa gani hasa? "Greini 500" si jibu.

TsavoMashariki

Niko Voi, kwetu uwindaji ulifungwa 1977 kwa hivyo mimi ni wa kusoma tu. Lakini nimekua nikisikia hadithi za mwindaji wa zamani Bell wa Karamoja, kule Uganda, aliyeangusha tembo zaidi ya elfu, wengi wao kwa .275 Rigby, bunduki ambayo nyinyi mngesema ni ya swala. Mbona hapa tunaongea kama bila .458 mtu amekufa?

MnyaluTexas

TsavoMashariki, Bell ndiye shahidi wangu mkuu. .275 Rigby ni 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza. Bell alitumia solidi ya greini 173, nyembamba na ndefu. Kuna hesabu ya uzito wa kichwa ukigawanya kwa mraba wa unene wake, ndiyo inayotabiri upenyaji wa solidi. Ya Bell inatoka 0.306. Ya .375 H&H yenye greini 300 inatoka 0.305. Kwa hiyo kwenye kupenya fuvu hakuwa na bunduki ndogo hata kidogo. Na kasi yake ilikuwa ya wastani tu.

Lakini alijua ubongo wa tembo ulipo kwa kila pembe, alichora mafuvu yaliyokatwa, na alikuwa mpigaji wa pekee. Ukikosea kidogo kwa 7mm huna akiba. Ndiyo maana sheria za leo zinaweka kiwango cha chini. Namibia wanataka nguvu ya jouli 5,400 kwa nyati na tembo. Tanzania nadhani Kitalu_Kusini anajua zaidi yangu.

Kitalu_Kusini

Kwetu ni .375 kwenda juu kwa wanyama hatari. Hata uwe Bell.

MzeeWaPorini

Na .375 inatosha, niseme kweli. Mgeni wa .375 anapiga vizuri kuliko mgeni wa .458, kwa sababu haogopi teke. Nimeona watu wanafumba macho kabla hawajavuta kifyatulio. Muulizeni huyo bwana anapiga risasi ngapi akiwa amesimama, si kwenye benchi na mfuko wa mchanga.

MnyaluTexas

Mzee umenena. .375 H&H ni ya 1912 na bado watu wanaitafuta. Ganda lake ni refu, halina ubishi, linakubali baruti za aina nyingi. Angekuja nayo hata huu uzi usingekuwepo.

Sasa baruti. Mgeni amepima Minnesota mwezi wa pili. Huko Februari ni barafu. Baruti ina tabia: ikipata joto inawaka kwa presha kubwa zaidi. Waingereza walilijua hili mapema. Baruti yao ya kordaiti ilikuwa kali sana kwenye joto la Afrika na India. .416 Rigby ya 1911 ina ganda kubwa mno kwa kazi yake, na sababu mojawapo ni hiyo, presha ibaki chini hata risasi ikiiva juani.

Mtu anayejaza mpaka ukingo wa juu kwenye baridi, halafu risasi zikakaa juu ya dashibodi ya Land Cruiser mwezi wa kumi, anaweza kufyatua ya kwanza na bolti ikagoma kuinuka. Ganda limevimba ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye mtutu. Ya pili haipatikani, na nyati hajui kwamba una tatizo la kiufundi.

Siku hizi kuna baruti zilizotengenezwa zisiyumbe na joto. Hodgdon wana kundi wanaloliita Extreme: Varget, H4895, H4350 na ndugu zake, zinatengenezwa Australia. Kwa .458 Win Mag unahitaji baruti inayowaka haraka kiasi, kwa sababu ganda ni fupi na mtutu ni mpana. H4895 inakaa humo. H4350 inafaa kwenye maganda makubwa kama .416 Rigby, ila kwenye .458 haitoshi kuingia. Wengi wanatumia pia zile za chembe za mviringo, H335 na AA2230, kwa sababu zinaingia nyingi kwenye nafasi ndogo. Faida ni nafasi. Hasara ni kwamba baadhi yao zinayumba zaidi na joto. Mimi ningechagua ya vijiti, H4895, na kichwa cha 450, nikubali kasi ndogo kidogo.

Vipimo sitaandika hapa, msiniulize PM. Kila mtengenezaji wa baruti anatoa jedwali lake, mtu aanze chini ya kiwango cha juu, karibu asilimia kumi, apande taratibu akiangalia ganda: fataki (kile kidude cha kuwasha baruti) imelalia bapa, alama ya ejekta (kidude kinachorusha ganda nje) kitakoni, bolti nzito. Kimoja kikionekana, unashuka.

NgarenaroBoy

Nimekuelewa mkuu. Na hapa Arusha mtu akiwa na leseni ya bunduki anaweza kujaza nyumbani?

Kitalu_Kusini

NgarenaroBoy usijaribu. Leseni ya kumiliki ni jambo lake na kutengeneza risasi ni jambo lingine, ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Bila kibali unaingia matatani, tena makubwa.

MnyaluTexas

Na mgeni asifikirie kubeba baruti au fataki peke yake aje ajazie kambini. Kwenye ndege ya abiria haviruhusiwi. Risasi zilizokamilika zinaruhusiwa hadi kilo 5 kwa abiria, kwenye kasha lililofungwa, kwenye mzigo wa chini, na shirika la ndege lipewe taarifa mapema. Kwa .458 kilo 5 ni kama risasi tisini, zinamtosha akipiga na za mazoezi.

DkMifugo_Moro

Naingilia kidogo kama daktari wa wanyama. Mnapolinganisha vichwa, kumbukeni kinachobaki porini. Kichwa cha madini ya risasi kinamwaga vipande vidogo kwenye nyama na utumbo. Utumbo unaachwa, tai wanakuja, wanakula, wanapata sumu. California walilazimika kupiga marufuku risasi za madini hayo kwenye uwindaji wote kuanzia Julai 2019, na tai wao wakubwa wa kondo walikuwa sababu kubwa. Huku kwetu tai wana matatizo ya kutosha ya sumu za mizoga. Na ile nyama inayogawiwa vijijini inaliwa na watoto. Kama shaba inafanya kazi vizuri kama mnavyosema, sioni sababu ya kingine.

MzeeWaPorini

Daktari, hilo la nyama sikuwahi kulifikiria. Sisi tulikuwa tunatoa vipande kwa ulimi tukila.

TsavoMashariki

😂 Mzee!

Swali langu: kama solidi zinapenya vizuri zaidi, kwa nini msipige solidi tangu ya kwanza?

MzeeWaPorini

Kwa sababu nyati hatembei peke yake. Solidi inaingia bega hili inatokea lile, nyuma kuna jike na ndama. Unatafuta mmoja unajeruhi wawili, na askari wanyamapori yupo pale anaandika. Ya kwanza laini, kundi likiwa limesimama. Wakishakimbia na yule wako amegeuka mgongo, hapo solidi, inaingia nyuma inafika mbele. Dume la upweke anayekaa peke yake kwenye matete unaweza kuanza unavyotaka.

MnyaluTexas

Nyongeza kwa anayejaza: laini na solidi ziwe za uzito mmoja na zipige mahali pamoja kwenye karatasi. Kama amechagua 450 ya shaba, achukue na solidi ya 450. Na azipime zote mbili, asidhani.

Kwenye bunduki za mitutu miwili hili ni kali zaidi, kwa sababu mitutu imelinganishwa kiwandani kwa kasi fulani. Ukibadilisha kasi, mtutu wa kulia na wa kushoto vinaachana au vinakatizana. Bolti haina ugomvi huo, ila ina wake: .458 inapiga teke, na risasi zilizobaki kwenye magazini zinagonga ukuta wa mbele kila unapofyatua. Kama kichwa hakikubanwa na mdomo wa ganda kwenye ule mfereji wake, kinazama ndani. Presha inapanda, au risasi inakwama kupanda chemba. Afanye jaribio: ajaze magazini, apige ya juu tu mara kadhaa, kisha apime urefu wa ile ya chini kabisa. Ikiwa imefupika, kazi haijaisha.

Na kila risasi atakayosafiri nayo aipitishe chemba kwanza, moja moja, kutoka kwenye magazini, nje kwenye uwanja wa shabaha, mtutu ukiangalia pa salama. Pua bapa hukataa kupanda kwenye baadhi ya bunduki. Bora aijue huko kwao.

Kitalu_Kusini

Wakuu, nimemwandikia jana usiku. Nimemuuliza kichwa gani, baruti gani na imeshindiliwa kiasi gani, alipima kwenye nyuzi ngapi za joto, solidi zake zinapiga wapi ukilinganisha na laini, na kama amezipitisha zote chemba. Nikaongeza la Mzee: anapiga vipi akiwa amesimama na fimbo tatu za kuegemeza bunduki.

Amejibu asubuhi hii. Kichwa ni cha koti na risasi ya ndani, cha bei rahisi, alikuwa nazo sanduku zima. Baruti ya chembe za mviringo, imeshindiliwa "kidogo". Alipima kwenye nyuzi tano za Selsiasi chini ya sifuri. Hakukasirika, tena ameshukuru. Anasema ataanza upya na 450 za shaba na H4895, na atapima tena mwezi wa sita kwao kukiwa na jua, risasi zikikaa nje kwanza.

La kusimama hakulijibu.

MzeeWaPorini

Ndilo la kumuuliza tena. Na darubini yake je? .458 yenye darubini iliyowekwa karibu na jicho inapasua nyusi.

Kitalu_Kusini

Ameiondoa, Mzee. Anasema atatumia vilengeo vya chuma vya kwenye mtutu. Bosi amesema siku ya kwanza kambini tunaweka mkebe mita 50, apige laini mbili na solidi mbili akiwa amesimama, ndipo tutoke kutafuta nyayo.